Mwenzetu Mlevi Asiachwe Peke Yake

Wengi wetu tumemwona. Ni mfanya kazi hodari, fundi wa mkono mwepesi, mtu ambaye mtambo ukikwama huitwa yeye hata usiku wa manane. Tena ni mcheshi, na katika misiba ya jirani huwa wa kwanza kushika jeneza. Halafu siku ya Jumatatu haonekani. Siku ya Jumanne anakuja na macho mekundu na hadithi ya mtoto aliyeugua. Mara ya kwanza twamsikitikia, mara ya pili twamcheka, mara ya tatu twamwandikia barua. Barua zikifika tatu hesabu yake imekwisha: atatolewa kazini, na jioni ya siku hiyo hiyo wenzake watampeleka kilabuni kumliwaza kwa kile kile kilichomfukuzisha.

Gazeti hili halina haki ya kuyasema hayo kama mtu anayemnyoshea jirani kidole. Fundi huyo tunayemweleza ni wa nyumbani mwetu. Ni fundi wa mtambo unaolichapa gazeti hili, na barua mbili katika zile tatu tuliziandika sisi wenyewe. Katika barua ya pili tulisema kwamba yeye si mtu wa kuaminiwa ufunguo wa ghala. Zaidi ya hayo, tumewahi kuandika katika ukurasa huu huu kwamba mlevi ni kupe mgongoni mwa taifa, na twakumbuka kwamba tulilipenda sana neno hilo siku tulipoliandika. Yeye ametupa ruhusa kuyataja haya, mradi jina lake lisitajwe.

Barua ya tatu ilipokuwa imekwisha pigwa chapa, ikingoja saini tu, fundi yule aliingia ofisini akasimama mbele ya meza. Hakuomba asamehewe. Aliomba kwamba siku za Alhamisi zamu yake ianze saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu amewapata watu wanaokutana saa hiyo, walevi wenziwe wanaosaidiana kuacha. Sisi tulidhani ni ujanja mpya. Naye, akijua tunalodhani, akasema kwamba iko mikutano ya siri ya wao kwa wao, na iko mingine iliyo wazi kwa kila mtu; twende ule ulio wazi tukaone. Tukaenda.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona, yafaa jambo lenyewe lifahamike. Ulevi wa namna hii si starehe iliyozidi kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na kwamba watu milioni 209 walikuwa wamefungwa nayo, yaani mwili na akili zao havikuweza tena kukaa bila hiyo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "acha", umemwambia neno ambalo yeye mwenyewe amekwisha jiambia mara elfu, kwa kiapo, mbele ya mama yake, mbele ya padre au sheikh, na mbele ya watoto waliolala na njaa. Kiapo alikuwa nacho. Alichokosa ni mtu. Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka yule mgonjwa aliyelala kando ya birika miaka 38, maji yakitibuka mbele ya macho yake, naye hana wa kumshika mkono amtie ndani.

Wala tusijidanganye kwamba pombe ya mjini ilitufikia kwa bahati. Wazee wetu walikuwa na mbege, ulanzi, rubisi na mnazi, navyo vilikuwa na siku zake, wenyewe wake na adabu zake. Mji wa kikoloni ndio uliounganisha pombe na mshahara. Huko Nairobi, katika miaka ya 1920, manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe kwa Waafrika, na faida yake ikatumiwa kulipia huduma za Waafrika hao hao. Mfanya kazi akanyweshwa ili ajigharamie mwenyewe. Wakoloni wamekwenda zao, lakini baa bado iko njiani kati ya lango la kiwanda na mlango wa nyumba. Serikali yetu ilipopiga marufuku pombe za viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, sisi tulifurahi, na hata leo twaona ilitenda vyema. Hata hivyo amri ya Serikali huondoa kifuko dukani; haiwezi kuiondoa kiu kifuani mwa mtu.

Sasa na tueleze watu hawa wametoka wapi. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Mmarekani mmoja, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyomleta ilikuwa imevunjika, fedha zilikuwa zinamwishia, na kutoka upande wa baa alisikia vicheko vya watu wanaokunywa. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache. Hapo akatambua kwamba kilichomweka mzima miezi ile ni kule kwenda kuzungumza na walevi wengine, ijapokuwa katika wale wote hakuna hata mmoja aliyekuwa ameacha kwa maneno yake. Basi badala ya kwenda baa akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia wachungaji wa makanisa ya mji ule asioujua, akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Mwisho akafikishwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa karibu kumpokonya kazi yake. Daktari alisema atampa mgeni dakika 15 tu. Walizungumza saa nyingi, hata usiku ukaingia. Smith alianguka tena mara moja. Kisha tarehe 10 Juni 1935 akanywa bia moja, aliyopewa na Wilson mwenyewe ili mkono usitetemeke katika upasuaji wa asubuhi ile, na hiyo ikawa ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho kwa lugha yetu twaweza kukiita Walevi Wasiotajwa Majina. Smith alifariki mwaka 1950, Wilson mwaka 1971, na wote wawili walikufa wakiwa hawajairudia chupa.

Tazameni, ndugu wasomaji, ni nani aliyekuwa akiomba msaada siku ile. Aliyepiga simu ndiye aliyekuwa ameacha. Hakwenda kwa daktari yule kama mwalimu kwa mwanafunzi. Alikwenda kujiokoa nafsi yake. Twaona kwamba siri yote ya watu hawa imo humo, na ndiyo sababu hotuba zetu nyingi dhidi ya ulevi, za kwetu sisi waandishi zikiwamo, zimeanguka chini kama maji juu ya jani la myugwa. Mlevi ana sikio kali. Mara moja hutambua kama anayesema naye anasema kutoka juu.

Mkutano tulioufikia ulikuwa katika chumba nyuma ya kanisa. Viti vya plastiki vilipangwa duara, na palikuwa na chupa ya chai na vikombe vya namna mbalimbali. Hatutasema waliokuwamo ni nani, wala walisema nini, kwani tuliombwa kwamba yanayosikiwa pale yabaki pale. Na kumwomba mwandishi wa gazeti jambo hilo ni kumwomba afunge mkono wake wa kulia. Kidaftari chetu kilikaa mfukoni tangu mwanzo hata mwisho. Lakini utaratibu wao si siri. Mmoja hufungua kwa kusoma maneno machache juu ya shabaha ya mkutano. Kisha kila apendaye husema, akianza kwa jina lake la kwanza tu na kukiri kwamba yeye ni mlevi, hata kama ana miaka kumi hajaonja. Anaposema, hakuna amkatizaye. Akimaliza, hakuna amjibuye kwa kumwonya wala kumpa mashauri. Asiyetaka kusema hunyamaza, wala haulizwi kwa nini. Tulidhani tutasikia vilio. Kwa kweli walicheka kuliko sisi katika mkutano wowote wa kamati tunaoukumbuka, na kila aliyechekwa alikuwa amejitangulia mwenyewe kucheka.

Hawaahidiani kuacha milele. Ahadi yao ni ya leo: leo sitakunywa, ya kesho yatatazamwa kesho. Aliyemaliza mwezi mmoja hupewa alama ndogo ya ukumbusho, na wenziwe humpigia makofi. Mgeni hupewa nambari ya simu ya mtu aliyetangulia, mlezi wake, ambaye ataweza kumpigia saa nane ya usiku kiu itakapomjia. Na mlezi hamtendei hisani mgeni wake, bali naye anajilinda, kama vile Wilson katika ile hoteli. Hakuna ada wala kadi ya uanachama. Sharti la kuingia ni moja, nalo ni mtu kuwa na nia ya kuacha kunywa. Mwishoni kilipitishwa kikapu kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Sisi tukatoa noti, tukaambiwa kwa upole tuirudishe mfukoni, maana wao hujigharamia wenyewe wala hawapokei fedha ya mtu wa nje.

Watu walipokwisha kutoka, fundi wetu alibaki akikusanya vikombe. Alifagia, akazima taa, akafunga mlango. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwake. Sisi tuliokuwa tumesimama nje tukimngoja hatukuwa na la kusema.

Yatupasa kukiri jambo jingine. Njiani tulipokuwa tukirudi tulikuwa tumekwisha kuuandaa mpango mzima kichwani: kila tawi liwe na kundi la namna hii, lenye mwenyekiti na katibu, taarifa ipelekwe wilayani kila robo ya mwaka, na siku ya kufungua aitwe mgeni rasmi. Sisi tumezoea kwamba jambo jema lisilo na katibu bado halijaanza. Fundi alitusikiliza, akatueleza kwamba haiwezekani. Makundi haya yana desturi kumi na mbili walizozikubali katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1950, na kwa desturi hizo kundi halifungamani na chama chochote cha siasa, wala dhehebu, wala kampuni, wala halitoi rai juu ya mambo ya nje. Tuliudhika kidogo. Baadaye tukalifikiri. Ni mfanya kazi gani atakayesimama mbele ya katibu wa tawi lake aseme kwamba karo ya mtoto aliinywa? Ni nani atakayekiri mbele ya mtu ambaye kesho atakaa katika kamati ya kupandisha vyeo? Basi twasema wazi, na tunayasema sisi watu wa chama: jambo hili lisitwaliwe na chama. Wakihitaji chumba katika jengo la tawi wapangishwe kwa kodi ndogo, kwa kuwa hawatakubali kupewa bure, na mwenye ofisi siku hiyo awahi kwenda nyumbani kwake.

Wako wanaouliza kama hii si dini mpya. Hatua kumi na mbili wanazozifuata zinamtaja Mungu, lakini kwa namna kila mtu amfahamuvyo. Tuliambiwa kwamba Mwislamu, Mkristo na asiye na dini hukaa katika duara moja, na hakuna aliyeombwa kuacha yake. Hapa Mwislamu ana mzigo wa pekee. Yeye hanywi mbele za watu, hivyo hakuna ajuaye anavyokunywa, na mficha maradhi kifo humwumbua. Imamu anayejua kundi liko wapi, akamnong'oneza mtu wake baada ya swala, huenda akamfaa kuliko hotuba nzima ya Ijumaa. Wanawake nao wana mzigo mzito zaidi, kwani jamii yetu humwita mume mlevi "mgonjwa" na mke mlevi humwita jina lisiloandikika. Katika miji mingine wamejiundia makundi yao wenyewe, nao wamefanya vyema. Na jamaa wa mlevi, ambao huugua bila kunywa, tangu mwaka 1951 wana chama chao mbali, Al-Anon, kilichoanzishwa na mkewe Wilson pamoja na mwenziwe.

Je, yanafaa? Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi wa wataalamu wa Cochrane uliokusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba wagonjwa walioongozwa kwa utaratibu kuingia katika makundi ya Alcoholics Anonymous walidumu bila kunywa sawa na waliopewa matibabu mengine ya mazungumzo, na mara nyingi kuwazidi. Haina maana kwamba kila aendaye hupona. Wengine huondoka, wengine huona halifai moyo wao. Nao wana njia nyingine, kwani hospitali zina washauri, na ziko dawa za kupunguza kiu ya pombe.

Hapa twaomba msomaji asome polepole. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kumjia ndani ya siku mbili za kwanza. Na katika siku ya pili au ya tatu akili huweza kuvurugika, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, na wengine hufa. Huo si urogi wala si pepo. Apelekwe hospitali kwanza, apewe dawa na atazamwe, kisha ndipo aende kundini.

Na kundi lenyewe lapatikana wapi? Halina bango barabarani. Aulize katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Aulize katika nyumba za upataji nafuu, ambazo ziko Bara na Visiwani, kwani nyingi katika hizo hufuata hatua hizo hizo kumi na mbili, na waliotoka humo hujua mikutano inafanyika wapi. Aulize parokiani, hata kama si parokia yake. Ndugu zetu wa Kenya wanayo simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 mikutano mingi hufanyika pia kwa simu na kwa intaneti, jambo ambalo limemfaa sana mtu wa mji mdogo anayeogopa kuonekana akiingia mlangoni. Asikate tamaa kwa mkutano mmoja. Fundi wetu asema wa kwanza alikaa karibu na mlango apate kukimbia, na wa pili hakuusikia kabisa kwa kutazama saa. Ilikuwa mara ya nne au ya tano ndipo mtu alipoeleza jambo ambalo yeye alidhani amelitenda peke yake duniani. Na mahali pasipo na kundi, walevi wawili wenye nia hutosha kulianzisha, kwa maana ndivyo lilivyoanza.

Upande wa kazi tuna neno kwa mameneja na kwa viongozi wa vyama vya wafanya kazi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mwongozo mwaka 1996 likisema kwamba ulevi wa mfanya kazi utazamwe kama tatizo jingine lolote la afya, na kwamba anayetaka kutibiwa afichiwe siri yake na asibaguliwe. Hatusemi mlevi aachwe kwenye mtambo. Aliyelewa aondolewe hapo dakika ile ile, kabla hajampoteza mwenziwe mkono. Twasema kwamba aliyekuja mwenyewe kukiri asipokewe kwa barua. Jambo hili liingizwe katika mikataba ya hali bora, pamoja na ruhusa ya saa mbili kwa juma. Tena desturi ya kuwapongeza wafanya kazi kwa kreti za bia kila lengo linapofikiwa ikomeshwe. Kuna mtu pale ambaye kreti hiyo itamgharimu nyumba yake, naye hawezi kuikataa mbele ya bosi bila kujitangaza.

Watatuuliza habari za fundi. Alianguka mara moja, mwezi wa tatu, siku ya harusi ya nduguye. Asubuhi alimpigia mlezi wake kabla hajatupigia sisi, na juma lile lile akarudi kwenye duara akaanza kuhesabu upya tangu siku moja. Alhamisi zamu yake huanza saa mbili usiku, na mwenziwe humshikia mtambo mpaka afike. Barua ya tatu tunayo bado katika mtoto wa meza, haina saini. Ufunguo wa ghala alipewa mwezi uliopita.